Mgeni Njoo, Nani Apone? Mmishenari Kijana na Wenyeji Wake katika The Other Side of Heaven

Utangulizi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watahiniwa wetu huitumia methali hii mara kwa mara katika insha zao, na karibu wote huifafanua kwa namna moja: mgeni anapobisha hodi, mwenyeji hupata nafuu. Kuku huchinjwa, chapati hupikwa, na mtoto aliyezoea sukuma wiki hupata kipaja. Ufafanuzi huo si mbaya. Hata hivyo, unaacha swali moja bila jibu. Mgeni mwenyewe, aliyefika akiwa na njaa, uchovu na lugha isiyoeleweka na yeyote, huponywa na nani?

Makala haya yanalitumia swali hilo kuihakiki filamu ya The Other Side of Heaven, yaani Upande wa Pili wa Mbingu, iliyotolewa mwaka wa 2001. Iliandikwa na kuongozwa na Mitch Davis kutokana na tawasifu ya John H. Groberg, In the Eye of the Storm, iliyochapishwa mwaka wa 1993. Groberg anasimulia jinsi alivyoondoka Marekani katika miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, kwenda visiwa vya Tonga katika bahari ya Pasifiki. Alitumwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake huitwa na wengi Wamormoni.

Huenda mwalimu akauliza filamu kama hii inamfaa nini mtahiniwa wa Kiswahili. Inamfaa kwa sababu mbili. Kwanza, inafuata muundo ambao wanafunzi wetu wanaujua: kijana anaondoka kwao, anafika asikojulikana, anapata misukosuko, kisha anarudi akiwa mtu mwingine. Waliosoma Siku Njema ya marehemu Ken Walibora watamkumbuka Kongowea Mswahili akitoka Tanga kwenda kumtafuta babake Kitale. Pili, vijana wa kanisa hili wanaonekana katika mitaa yetu. Kanisa lao lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka wa 1991, na si ajabu mwanafunzi kukutana njiani na vijana wawili waliovaa mashati meupe na tai, kila mmoja na kibandiko cha jina kifuani. Mwanafunzi huyo ana haki ya kujiuliza vijana hawa wametoka wapi, wanakaaje, na nani anayewakalisha.

Ni muhimu kutaja mapema kwamba uhakiki huu hauamui dini ipi ni ya kweli. Katika darasa moja la kidato cha nne huketi Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu, Wasabato na wengineo. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kazi ya sanaa inasema nini, inasemaje, na inanyamazia nini. Msimamo wa makala haya ni kwamba filamu hii inafaulu inapomwonyesha mgeni akilelewa upya na wenyeji, na inashindwa inaposahau kuwapa wenyeji hao nafsi kamili.

Muhtasari wa Kisa

John ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young katika jimbo la Utah. Anapiga tarumbeta katika bendi na anampenda msichana aitwaye Jean. Anapokea barua ya wito inayomtaka aende Tonga. Baada ya safari ndefu anafika Nuku'alofa, mji mkuu, ambako kiongozi wa misheni anampa majukumu mawili: ajifunze lugha na aujenge ufalme wa Mungu. Anatumwa katika kisiwa cha Niuatoputapu, mamia ya kilomita kaskazini, na anapangiwa mwenzake wa kazi, Mtonga aitwaye Feki.

Kisiwani anakumbana na mbu, upweke na mhubiri wa kanisa lililotangulia ambaye hamtaki. Panya wanamtafuna nyayo akiwa usingizini. Mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni analetwa kwake akiwa kama maiti, naye anahangaika naye hadi anapozinduka. Mama mmoja anatamani bintiye azae na kijana huyu mgeni. Kimbunga kinakikumba kisiwa na kuleta njaa kali. Baadaye, akiwa safarini kwa mashua, dhoruba inamtupa baharini. Mwishoni anarudi kwao na kumwoa Jean.

Usuli na Mandhari

Kosa la kwanza ambalo mtahiniwa anaweza kulifanya ni kuandika kwamba John alikwenda kuwahubiria watu wasiomjua Mungu. Tonga ilikuwa nchi ya Kikristo kwa zaidi ya karne moja kabla hajafika. Wahubiri wa Kimethodisti walianza kazi huko katika miaka ya 1820, na Taufa'ahau, aliyekuja kuwa Mfalme George Tupou wa Kwanza, alibatizwa mwaka wa 1831. Wamishenari wa Kimormoni walifika mwaka wa 1891. Aidha, Tonga haikuwahi kunyang'anywa ufalme wake. Ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuanzia 1900 hadi 1970, lakini John alipowasili aliyekuwa katika kiti cha enzi ni Malkia Salote Tupou wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1918 hadi 1965.

Usuli huu unabadilisha maana ya mgogoro mkuu. Mhubiri anayempinga John si mtu aliye gizani anayeiogopa nuru. Ni mchungaji anayelinda kundi lake dhidi ya kijana ambaye, machoni pake, amekuja kuiba kondoo waliokwisha kuwa zizini. Kila mmoja wao ana Biblia mkononi. Mtahiniwa akiliona hili ataacha kumwita mhubiri huyo katili kwa sababu tu anampinga mhusika mkuu, na ataanza kuuliza: mhusika huyu ana sababu gani? Hilo ndilo swali linalomtenganisha mhakiki na shabiki.

Mandhari nayo inahitaji jicho kali. Filamu haikupigwa Niuatoputapu bali Rarotonga, katika visiwa vya Cook, na sehemu nyingine New Zealand. Tunaonyeshwa minazi, mchanga mweupe na maji ya buluu yaliyotulia. Kwa kiasi fulani mandhari hii ni ya watalii. Hata hivyo, mwongozaji anaitumia kujenga kinaya. Bahari ile ile iliyopendeza ndiyo inayozuia chakula kufika, na upepo uliokuwa ukipepea nywele za watoto ndio unaokuja kung'oa miti. Mahali panapofanana na paradiso panageuka mahali pa njaa.

Hapa kuna jambo ambalo filamu inaligusa bila kulikamilisha. John anaipitia njaa ile kama mtihani wa imani, kisha muda wake unakwisha, anapanda chombo na kwenda zake. Wenyeji hubaki. Mnamo Septemba 2009 tsunami ilikipiga kisiwa hicho hicho cha Niuatoputapu na kuua watu 9. Kwa mgeni, dhoruba ni sura moja katika tawasifu. Kwa mwenyeji ni jambo linalorudi.

Mgeni ni Kuku Mweupe

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, kwa maana kwamba hawezi kujificha. Kila afanyalo linaonekana. Watonga humwita mtu wa aina yake palangi, kama sisi tunavyomwita mzungu. Anapotua ufukweni na nguo zake za kizungu, kila jicho liko kwake. Kamera pia iko kwake, na ndiyo maana mtazamaji asipokuwa mwangalifu ataona jambo moja tu, yaani mgeni akiwatazama wenyeji. Tukiigeuza picha tunaona wenyeji wakimtazama mgeni, wakimpima, wakijiuliza huyu ana faida gani na atakaa siku ngapi.

Kuna kinaya kingine katika cheo chake. Mmishenari wa kiume wa kanisa hili, hata akiwa na umri wa miaka 19, hupewa cheo ambacho katika machapisho ya Kiswahili ya kanisa hilo hutafsiriwa kuwa Mzee. Kinaya hiki kilizidi mwaka wa 2012, kanisa liliporuhusu wavulana waanze kutumwa wakiwa na miaka 18. Kwa masikio yetu, Mzee ni mtu aliyekula chumvi nyingi, anayeamua kesi na kuongoza matambiko au maombi. John anabeba cheo cha mzee lakini hajui kuomba maji. Katika jamii inayowaheshimu watu wazima, kama ilivyo Tonga na kama ilivyo kwetu, hali hiyo inamweka mahali pagumu. Ili astahili cheo chake, ni lazima kwanza akubali kuwa mtoto.

Lugha: Mtu Mzima Kugeuka Mtoto

Sehemu yenye nguvu zaidi katika filamu, kwa maoni yetu, ni ile ya kujifunza lugha. John hakupitia chuo chochote cha lugha kabla ya kuondoka. Kanisa lake lilianzisha mafunzo ya lugha kwa wamishenari mwaka wa 1961, miaka kadhaa baada yake. Anafika akiwa bubu. Suluhisho lake ni kuchukua Biblia mbili, ya Kiingereza na ya Kitonga, kujitenga nazo, na kuzilinganisha mstari kwa mstari.

Mwalimu wa lugha atalitambua jambo hili mara moja. John anatumia matini anayoijua kuingia katika lugha asiyoijua. Kwa kuwa anafahamu kisa cha mwana mpotevu, anaweza kubahatisha neno la Kitonga lenye maana ya baba, lile la nguruwe na lile la karamu. Ni mbinu nzuri, na filamu inaionyesha bila haraka. Tunamwona akichoka, akikata tamaa na kurudi tena kitabuni.

Lakini mbinu hiyo ina mpaka wake. Biblia itamfundisha John kusema juu ya dhambi, toba na uzima wa milele. Haitamfundisha namna ya kumpa pole mjane wa jirani, kuuliza bei ya samaki, kutania mtoto, au kukataa chakula bila kumuudhi aliyekipika. Lugha hiyo ya pili hukaa midomoni mwa watu, na hupatikana kwa kuketi nao, kukosea mbele yao na kukubali kuchekwa. Kwa hivyo mtahiniwa anayeandika kwamba John alijifunza Kitonga peke yake kwa bidii yake ameeleza nusu tu. Aliyemtafsiria, aliyemsahihisha na aliyekuwa kando yake mchana na usiku ni Feki.

Hapo tunajiuliza: kama tunamhesabu mwalimu wa Kiswahili kuwa na mchango katika matokeo ya mwanafunzi wake, mbona tusimhesabu Feki?

Jina Jipya: Kutoka Groberg hadi Kolipoki

Wenyeji hawamwiti John kwa jina lake la ukoo. Wanamwita Kolipoki. Mtahiniwa anayesoma isimu katika karatasi ya pili asiliruke jambo hili. Kitonga, kama Kiswahili, hupenda silabi wazi, yaani zinazoishia kwa irabu. Pia hakina sauti g, r wala b kama zilivyo katika Kiingereza. Kwa hivyo g inakuwa k, r inakuwa l, b inakuwa p, na irabu zinaingizwa kati ya konsonanti na mwishoni mwa neno. Groberg anageuka Kolipoki kwa njia ile ile ambayo Kiswahili kilimpa Mwingereza maneno yake yakirudi na sura mpya: kilabu, burashi, buluu.

Utohozi huu una uzito wa kifasihi. Kumpa mtu jina ni kumpa mahali pa kukaa. Mgeni alikuja na jina lisilotamkika. Wenyeji wamelivunja, wakalisuka upya kwa sauti zao, wakamrudishia. Kuanzia hapo, aitwaye Kolipoki si yule aliyeondoka Utah. Ni mtu aliyezaliwa na kisiwa. Tukizingatia desturi za jamii zetu nyingi, ambamo mtoto huwa hajakamilika kuwa mtu hadi apewe jina, tunaweza kusema kwamba John alibatizwa na wenyeji kabla yeye hajambatiza yeyote.

Nani Anampa Nani Nini?

Turejee sasa kwenye methali. Tukisoma filamu kwa haraka, inaonekana kuithibitisha neno kwa neno. Mgeni amekuja, na mtoto wa mwenyeji aliyeanguka mwembeni amepona. Ni tukio lenye taharuki kubwa na mwongozaji amelipa nafasi kubwa. Mtahiniwa wengi watalikumbuka hilo kwanza.

Hata hivyo, tukiorodhesha nani anampa nani nini katika kisa kizima, orodha inaelemea upande wa pili. Wenyeji wanampa John mahali pa kulala. Wanampa chakula, hata kinapokuwa haba. Nyayo zake zinapotafunwa na panya na akashindwa kutembea, ni kisiwa kile kile kinachomtunza hadi anapoweza kusimama. Wanampa lugha, na wanampa jina. Zaidi ya yote, wanampa watu wa kuwahudumia. Kijana aliyefika na wito bila kazi ya kuonekana anapata maana ya wito wake pale mama anapomletea mtoto wake aliyezimia. Mama huyo alimwamini kabla ya kuwa na sababu kubwa ya kumwamini. Imani hiyo nayo ni zawadi.

Kwa mkabala huu, filamu inaigeuza methali: mwenyeji yupo, mgeni apone. Na huu ndio ukweli wa maisha ya kila mgeni wa kweli, awe mmishenari, mkimbizi, mwanafunzi wa bweni au mwalimu aliyehamishiwa wilaya ya mbali. Mwalimu mpya anayefika shuleni mbali na kwao anajua nani aliyemwonyesha kisima, nani aliyemkopesha jiko, na nani aliyemwambia neno gani lisisemwe mbele ya wazee wa hapo. Akisimulia baadaye jinsi alivyoinua matokeo ya shule ile bila kuwataja watu hao, simulizi yake itakuwa ya kweli lakini itakuwa imepungua.

Feki: Mhusika Aliyepunjwa

Hapa ndipo udhaifu wa filamu unapojitokeza. Kulingana na desturi ya kanisa hili, wamishenari hufanya kazi wawili wawili. Feki si mtumishi wa John wala mkalimani wa kukodiwa. Ni mmishenari kama yeye. Ana wito, ana imani na ana majukumu. Katika maandishi ya kihakiki tungetarajia wawili hawa wawe wahusika wakuu sambamba.

Sivyo inavyotokea. John ni mhusika duara: tunamwona akipenda, akiogopa, akijaribiwa na kubadilika. Feki ni mhusika bapa: ni mchangamfu, mwaminifu na mcheshi mwanzo hadi mwisho. Hatuambiwi alimwacha nani. Hatuambiwi kama naye alikuwa na Jean wake. Hatujui anafikiri nini usiku mgeni anapolala na yeye akabaki macho, akijua kwamba kesho atalazimika tena kusimama kati ya kijana huyu na watu wake.

Mbinu ya barua inalidhihirisha pengo hili vizuri. Filamu imejengwa juu ya barua kati ya John na Jean, zinazosomwa kwa sauti tukiona picha za Tonga au za Utah. Ni mbinu inayofaa sana kwa kisa cha mmishenari, kwani kwa vijana wa kanisa hili barua zilikuwa kwa miaka mingi uzi wa pekee kati yao na nyumbani. Hadi mwanzoni mwa mwaka wa 2019, mmishenari aliruhusiwa kupiga simu kwao mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Krismasi na Siku ya Akina Mama. Ni mwaka huo wa 2019 waliporuhusiwa kuwasiliana na familia kwa simu kila wiki. Kwa hivyo barua inabeba upweke wote wa John, na inaubeba vyema. Lakini barua ya Feki hata moja hatuisikii.

Mtetezi wa filamu atasema kwamba kisa kimetokana na tawasifu, na tawasifu husimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Msimulizi hawezi kuingia moyoni mwa mwenzake. Hoja hii ni nzito kwa kitabu. Kwa filamu haina nguvu, kwa sababu kamera haikubaki na John pekee. Inavuka bahari hadi Utah na kutuonyesha Jean akiwa miongoni mwa vijana wengine, mahali ambapo John hayupo. Ikiwa kamera iliweza kusafiri maelfu ya kilomita kumfuata Jean, ilishindwa nini kupiga hatua tatu hadi kwenye mkeka wa Feki? Huo ulikuwa uteuzi wa kisanaa, na uteuzi wa kisanaa ndio tunaouhakiki.

Filamu ya pili, iliyotolewa mwaka wa 2019, inasimulia kurejea kwa Groberg nchini Tonga katika miaka ya 1960 akiwa na mkewe na watoto. Mwalimu anayeweza kupata zote mbili anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuzilinganisha, wachunguze kama familia za Kitonga zimepewa nafasi pana zaidi.

Mfano Ulio Karibu Nasi

Tusidhani kwamba kumpunja mwenyeji ni kosa la watengeneza filamu wa Marekani peke yao. Sisi walimu wa Kiswahili tumelifanya pia. Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa. Katika miezi michache tu aliwazika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kama John, aliingia katika lugha kwa mlango wa maandiko aliyoyajua. Sarufi yake ilichapishwa mwaka wa 1850, na kamusi yake mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Haya yote tunayafundisha, na tuna haki ya kuyafundisha. Lakini katika tafsiri ile Krapf alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mueddin. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina hilo? Tumewalea watahiniwa wanaoweza kutaja tarehe za kamusi ya mgeni bila kumtaja mwenyeji aliyemfafanulia maneno. Feki na kadhi huyo wako katika kundi moja: walimu ambao wanafunzi wao walijulikana kuliko wao.

Mtahiniwa Ajibu Vipi?

Tuseme swali linasema: Mafanikio ya John yalitokana na bidii yake mwenyewe. Jadili. Mtahiniwa wa kawaida atakubaliana na kauli, ataorodhesha hoja kama uvumilivu, imani, upendo na ujasiri, na kutoa mfano mmoja kwa kila hoja. Atapata alama, lakini chache.

Mtahiniwa makini ataliona neno jadili. Atakubali kwanza kwamba bidii ipo: John anashinda na Biblia mbili, anavumilia mbu na panya, anashinda kishawishi, anastahimili njaa. Kisha ataonyesha upande wa pili: Feki anamtafsiria na kumsahihisha, wenyeji wanamlisha na kumtunza, wazazi wa mtoto wanamwamini, kisiwa kizima kinampa jina. Mwishowe atatoa msimamo wake: kwamba bidii ya mgeni ilikuwa mbegu, na wenyeji walikuwa udongo. Jibu kama hilo halimdharau John. Linamweka mahali pake, pamoja na watu wengine.

Kadhalika, mtahiniwa aepuke makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kumsifu John kwa kila kitu kana kwamba wenyeji walikuwa wakimngojea awaokoe. La pili ni kumlaani kwa kila kitu kwa sababu ni mzungu na mmishenari. Kosa la pili huonekana kuwa ujasiri, lakini nalo linamsahau mwenyeji, kwa maana linamfanya asiye na akili ya kuchagua. Watonga waliomkaribisha John walijua walichokuwa wakifanya. Waliomkataa pia walijua.

Hitimisho

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. John alirudi kwao, akaoa, akaandika kitabu. Kitabu kikazaa filamu, na filamu ikafika hadi kwetu. Inastahili kutazamwa, hasa kwa jinsi inavyoonyesha kijana mwenye cheo cha mzee akijifunza upya kusema, kutembea na kuitwa kwa jina. Katika vipengele hivyo, mtunzi anajua kwamba mgeni hajikalishi mwenyewe.

Udhaifu wake ni kwamba ukweli huo umo katika matukio lakini haumo katika muundo. Matukio yanasema wenyeji walimponya mgeni. Muundo unasema hiki ni kisa cha mgeni peke yake. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi kuliona pengo hilo, watakuwa wamepata zana ya kusomea tawasifu yoyote, za wageni na zetu wenyewe. Watajifunza kuuliza, kila msimulizi anaposema nilifika, nikakaa, nikafaulu: ni nani aliyekufungulia mlango?

Maswali ya Marudio

1. Eleza jinsi kinaya kimetumiwa katika cheo na umri wa John.
2. Linganisha usawiri wa John na ule wa Feki ukizingatia dhana za mhusika duara na mhusika bapa.
3. Jadili umuhimu wa mbinu ya barua katika filamu hii, na ueleze inachokiacha nje.
4. Fafanua mabadiliko ya kifonolojia yanayotokea jina Groberg linapogeuka Kolipoki. Toa mifano mitatu ya utohozi wa namna hiyo katika Kiswahili.
5. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kurejelea filamu hii au tawasifu yoyote uliyoisoma, onyesha ukweli na upungufu wa methali hii.